Mnasihi wa shule Dodoma anaandaliwa kumsikiliza mtoto gani?

Ukikaa na watu wa elimu hapa Dodoma siku hizi, iwe Makole kwenye chai ya saa nne au Mtumba watu wakitoka kwenye kikao, stori ya unasihi mashuleni, ile kazi ya mwalimu kumsikiliza na kumshauri mwanafunzi mwenye shida, haikosi kuibuka. Chanzo chake kinajulikana. Kwenye SEQUIP, ule mradi wa kuboresha elimu ya sekondari ambao Benki ya Dunia iliupitishia dola milioni 500 Machi 2020, kuna kipengele cha Shule Salama kinachotaka kila shule iwe na mwalimu wa unasihi aliyepitia mafunzo. Walimu wakaanza kuitwa kwenye mafunzo, na watu wamelipokea hilo kwa namna mbili. Kuna wanaohesabu tu, shule fulani ina mnasihi, basi weka tiki tuendelee. Kuna na wale wanaosema hizi ni semina kama semina nyingine, mwalimu anapata posho yake anarudi na cheti na watoto wanabaki vilevile. Mimi naona pande zote mbili zinabishana kuhusu idadi na pesa wakati swali lenyewe lipo pembeni limekaa halijaguswa: huyo mwalimu amefundishwa kumsikiliza mtoto gani?

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa mkoa kama Dodoma, mwalimu akifundishwa unasihi bila kufundishwa namna ya kufanya kazi na mtoto aliyelelewa kwa mila, lugha na maisha tofauti na yake, watoto wanaomhitaji kuliko wote ndio hawatamfikia kabisa. Watamfikia wale wanaofanana naye, wale ambao tayari wanajua kuongea na mtu wa ofisini. Na mafunzo ninayoyasema hapa sio kumpa mwalimu daftari la mila za makabila 120 akariri. Ni kumfundisha ajijue yeye mwenyewe katokea wapi, ajue kuuliza, na ajue ni wapi hasa heshima kwa mila inakoma na sheria inachukua nafasi.

Twende kwenye hali halisi ya mkoa. Watu wa nje wakisikia Dodoma wanasema Wagogo, wanamaliza. Lakini panda juu Kondoa unakutana na Warangi, ingia Chemba, pande za Kwa Mtoro na Farkwa, unakutana na Wasandawe ambao lugha yao ina milio ya kubofya ulimi na haifanani na Kibantu chochote, Waburunge nao wapo hukohuko, ukishuka Mpwapwa kuna Wakaguru na Wahehe, na kila upande wenye malisho unakutana na wafugaji wa Kimasai na Kibarbaig wanaohama na mifugo. Hao ni wenyeji tu. Halafu juu yake ukaja mji mkuu. Uamuzi ulipitishwa 1973, ukakaa miaka mingi bila kasi, mpaka 2016 Serikali iliposema inahamia kweli, na Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.08 mkoa mzima, ya 2022 ikahesabu milioni 3.09. Sio wote wamehamia, wengi wamezaliwa hapahapa, lakini mtu yeyote anayekaa Kisasa, Ilazo au Nzuguni anajua darasa la sasa linavyoonekana: mtoto wa mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar akiwa kidato cha pili na hataki kabisa kuwa hapa, amekaa dawati moja na mtoto ambaye shamba la babu yake limepimwa viwanja na familia imesogezwa mbele huko.

Na mwalimu mwenyewe mara nyingi ni mgeni pia. Huu ndio utaratibu wetu tangu enzi za Mwalimu Nyerere, unasoma Kilimanjaro, unachukua ualimu Mwanza, unapangiwa Bahi. Mimi naupenda huo utaratibu na naamini ndio uliotufanya taifa moja. Lakini una maana yake kwenye unasihi. Mwalimu wa hesabu akipangiwa asikokujua, hesabu ni zilezile. Mnasihi kitendea kazi chake ni mazungumzo, na namna mtoto anavyoongea na mtu mzima haifanani kila mahali.

Chukua jambo dogo kama macho. Vitabu vingi vya unasihi vimeandikwa Ulaya na Marekani, na humo mtu anayekuangalia usoni anahesabiwa mkweli na anayejiamini, anayekwepa macho ana jambo analificha. Kwetu sehemu nyingi mtoto akiitwa na mkubwa anaangalia chini, hiyo ndio adabu, na ukimkuta anakukazia macho ndio unaanza kujiuliza huyu vipi. Niliwahi kukaa kwenye ofisi ya walimu ya shule moja ya kata nikiwa nasubiri mtu, akaletwa kijana ambaye hajaonekana shule siku nyingi, mwalimu wa malezi, mwenye nia njema kabisa, akawa anamwambia niangalie nikuulize, niangalie, na kijana ndio anazidi kuinama. Kwenye faili ikaandikwa mkaidi, anaficha ukweli. Aliyekuja kujua kisa ni mama anayepika pale shuleni, mwenyeji wa palepale, ambaye alimuuliza kwanza habari za ng'ombe, kijana akasema baba kahama nao na yeye kaachiwa wadogo zake. Yule mama hakuwa na cheti chochote. Alijua pa kuanzia.

Kukaa kimya nako ni hivyohivyo. Mwalimu aliyefundishwa haraka anaona ukimya ni ukuta, anaanza kurusha maswali mfululizo, umefanya hiki, umefanya kile, na mtoto anaishia kujibu ndiyo mwalimu kwa kila kitu ili aachiwe aende. Halafu kuna suala la nani anaongea na nani kuhusu nini. Kwenye jamii nyingi za huku kati mambo ya mwili na mahusiano msichana haongei na mama yake mzazi, achilia mbali mwalimu, anaongea na bibi au shangazi. Mvulana ana babu, ana mjomba, na wengine wamepita makumbini, kwenye kambi za jando, ambako walifundishwa na watu maalum, kwa nyimbo na maneno ambayo haturuhusiwi kuyasema hovyo nje. Sasa mnasihi anayemfungia msichana ofisini wawili peke yao na kumwambia niambie kila kitu hapa ni siri yetu, anafikiri ametengeneza mazingira salama, kumbe kwa yule binti hayo ndio mazingira ya kutisha kuliko yote. Akijua kuuliza tu, nyumbani ukiwa na jambo huwa unamwambia nani, anaweza kugundua kuwa kuna bibi yake kijijini Mvumi ambaye ndiye ufunguo wa kesi nzima.

Lugha ndio nisiseme. Mtoto wa Chemba anaweza kuwa nyumbani anaongea Kisandawe, msingi kasoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza anakutana na Kingereza na kibao kinachokataza Kiswahili eneo lote la shule. Halafu akiwa na jambo zito kuliko yote maishani mwake tunataka alieleze kwa lugha ya tatu. Sehemu nyingine mwalimu asipoelewana na mtoto anaita mwanafunzi mwenzake atafsiri, na hapo hakuna siri tena, jioni bweni zima linajua.

Kuna na Mirembe. Kwa wasio wa huku, hospitali ya taifa ya afya ya akili iko hapahapa mjini tangu 1927, imetibu watu wengi sana na wahudumu wake wanafanya kazi ngumu. Lakini jina lake mitaani limekuwa tusi, mtoto akionekana anaenda ofisi ya mnasihi mara mbili anaambiwa anapelekwa Mirembe. Mnasihi aliyeandaliwa Dodoma lazima ajue hilo na alipangie namna, ofisi ikae wapi, aitwe nani wa kwanza, mazungumzo yafanyike wakati wa michezo au ofisini, kwa sababu hapa aibu ya kuonwa inaweza kuwa nzito kuliko tatizo lenyewe.

Na mapepo. Kila baada ya muda tunasikia shule fulani ya bweni wasichana wanaanguka na kupiga kelele. Jambo hili sio jipya kwetu, mwaka 1962 pale Kashasha karibu na Bukoba shule ya wasichana ilifungwa kwa sababu wanafunzi walishikwa na vicheko wasivyoweza kuvizuia, 95 kati ya 159, na madaktari walipochunguza hawakupata sumu wala maambukizi, wakaona ni mhemko wa pamoja unaoambukizana. Likitokea leo, wazazi wengine watataka mganga, wengine watataka mchungaji au shehe, mkuu wa shule anataka ratiba ya mitihani isivurugike. Mnasihi akisimama akasema huo ni ushirikina, hakuna kitu, amewapoteza wazazi wote kwa sentensi moja. Akikubali mganga aingie bwenini atafute mchawi, ameanzisha balaa jingine kwa sababu atatajwa mtu. Katikati hapo kuna kazi ya kitaaluma kabisa, kuwatenganisha waliopatwa na wanaotazama, kushusha mambo, kuwasikiliza wazazi bila kubishana nao kuhusu majini, halafu kuuliza taratibu nini kimetokea bwenini wiki zilizopita. Hiyo inafundishika, ila haipo kwenye semina inayoishia kwenye maana ya unasihi na sifa za mnasihi bora.

Sasa nije kwenye hoja za wanaopinga, maana zipo na nyingine zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba haya mambo ni ya kuletwa. Kuna ukweli ndani yake. Mjadala wa kumuandaa mnasihi kwa wateja wa tamaduni tofauti ulikua Marekani, ambako wanasihi wengi walikuwa Wazungu na watoto waliokuwa wanawahudumia ni Weusi, Walatino, Waasia na wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka 1992 Derald Wing Sue, Patricia Arredondo na Roderick McDavis wakatoa viwango vilivyojengwa juu ya mambo matatu, mnasihi azijue imani na upendeleo wake mwenyewe, auelewe mtazamo wa mteja wake, na awe na mbinu zinazoendana na mteja huyo. Mwaka 1998 madaktari wawili wa California, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, wakasema hata kujua tu hakutoshi, mtu hafiki siku akasema sasa nimehitimu utamaduni wa fulani, inabidi abaki mnyenyekevu anajifunza kutoka kwa huyo aliye mbele yake. Ukichukua orodha zao za tabia za makundi ya Marekani ukazileta Chemba utakuwa unapoteza muda, hilo nakubali moja kwa moja. Kule pengo kubwa lilikuwa rangi. Hapa pengo ni mshahara, shule, mjini na kijijini, Kingereza, mwenye ng'ombe na mwenye kalamu. Lakini yale mambo matatu yanasimama popote, na lile la kwanza la kujijua nadhani ndilo tunalolikwepa zaidi. Mwalimu aliyekulia kwenye familia ambayo shule ndio ilikuwa kila kitu anamwona mzazi anayemtoa mtoto akachunge kuwa ni mjinga. Hasemi kwa mdomo ila mtoto anaiona usoni mwake.

Ya pili ni ya ukabila, na hii inasemwa na watu ninaowaheshimu. Wanasema tumejenga nchi kwa kutoulizana makabila, sensa ya mwisho kuuliza kabila ni ya 1967, leo mnataka mnasihi aanze kumwangalia mtoto kwa kabila lake? Naielewa hofu hiyo na naona wanaoisema wanalinda kitu cha thamani sana. Ila tuangalie inafanya nini darasani. Tusipotaja tofauti haziondoki, kinachotokea ni kwamba utamaduni wa mwalimu na wa mjini unakuwa ndio kipimo cha kawaida na wengine wote wanapimwa kwa huo. Halafu ukabila wenyewe upo, umevaa jina la utani. Mtoto wa Kigogo anaitwa ombaomba mbele ya darasa zima, watu wanacheka, mwalimu naye anacheka anasema ni utani tu. Utani wa kwetu una wenyewe na una mipaka, unafanyika kati ya watu wanaoweza kurudishiana, na siku ya msiba mtani ndiye anayebeba kazi. Mwalimu na mwanafunzi hawana utani huo, kwa sababu mmoja hawezi kurudisha. Mnasihi asipoweza kuliona hili hataweza kumsaidia mtoto ambaye ameacha kunyoosha mkono darasani tangu siku ile.

Na Dodoma ina ushahidi wake wa zamani kwamba kumuandaa mwalimu kwa mtoto aliye tofauti hakugawi watu. Shule ya wasioona Buigiri, hapo Chamwino, ipo tangu 1950. Hakuna aliyewahi kusema kuwa kumfundisha mwalimu nukta nundu ni kuwatenga wasioona na Watanzania wengine, wote tunaelewa kuwa ndio njia ya kuwaingiza. Kwa nini basi mwalimu akijifunza kuwa mtoto wa mfugaji ana kalenda tofauti ya mwaka tuseme anarudisha ukabila?

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote na sina jibu la kuimaliza. Walimu wamechoka. Mnasihi wa shule ya kata ni mwalimu wa somo mwenye vipindi vyake vyote, ana darasa lake, ana zamu, ana madaftari ya kusahihisha, unasihi kaongezewa juu. Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani kinapendekeza mnasihi mmoja wa kudumu kwa wanafunzi 250, na hata kule wanalalamika hawafikii. Sisi mtu wa namna hiyo shule nyingi hazina, tuna mwalimu wa jiografia anayefanya unasihi akipata nafasi. Ukimwambia leo ajifunze na habari za tamaduni anakuona unamuonea, na ana haki. Ninachoweza kusema ni kwamba muda ukiwa mfupi ndio makosa yanakuwa ghali zaidi. Dakika kumi na mtoto ambaye umeshajua pa kuanzia zinafika mbali kuliko saa nzima ya kumlazimisha akuangalie usoni. Lakini sitaki kudanganya mtu, mafunzo mazuri juu ya mwalimu asiye na kipindi hata kimoja cha kazi hiyo yatakauka.

Ya nne ndiyo dhaifu, na bahati mbaya ndiyo inasikika sana, hasa kwa wanaharakati na baadhi ya watu wa dini. Wanasema ukianza kumfundisha mnasihi kuheshimu mila ataheshimu na ukeketaji, ataheshimu na ndoa za utotoni, kwa hiyo bora tumfundishe sheria basi. Hii inachanganya kuelewa na kukubali. Na huku kwetu historia yenyewe inaipinga.

Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliharamisha kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Miaka mingi baadaye utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta kitaifa asilimia 10 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na Dodoma ilikuwa asilimia 47. Wa 2022 ukaonyesha kitaifa asilimia 8 na Dodoma 18. Imeshuka sana na ni jambo la kushukuru. Lakini watu waliofanya kazi vijijini Dodoma na Singida wanajua kilichotokea upande wa pili: sehemu nyingine tendo lilihama kutoka kwa wasichana wakubwa kwenda kwa watoto wachanga, kimyakimya, bila ngoma wala sherehe, kwa sababu ya lawalawa. Ni maambukizi ya sehemu za siri za mtoto ambayo familia zinaamini hayaponi mpaka mtoto akatwe. Kwa mama wa namna hiyo hapo hakuna mila anayoitetea, anaona anamtibu mwanae. Sasa mnasihi anayejua kifungu cha sheria tu atasimama mbele ya wasichana aseme ukeketaji ni kosa la jinai utafungwa, na wote wataitikia ndiyo mwalimu, na msichana mwenye mdogo wake mchanga anayelia usiku nyumbani hataona kama ameambiwa kitu kinachomhusu. Mnasihi anayejua lawalawa ataongelea usafi wa mtoto, maambukizi, dawa zinazopatikana zahanati, na ataongea na bibi, kwa sababu bibi ndiye anayeamua. Kuielewa imani ya watu ndiko kunakomfikisha mahali pa kumwokoa mtoto. Nasema hivi nikiwa naamini kabisa kuwa ukeketaji lazima ukome, wote, bila kubakiza.

Ndio maana nilisema mwanzoni mnasihi ajue mahali sheria inapochukua nafasi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Sheria ya Elimu baada ya marekebisho ya 2016 imeweka miaka 30 jela kwa kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi. Hapo hakuna mjadala wa mila, kuna ofisa ustawi wa jamii, kuna dawati la jinsia polisi, kuna namba 116 ya kupiga bure. Kazi ya mnasihi ni kumwambia mtoto toka mwanzo, kwa maneno yake, ni nini atakitunza moyoni na ni nini hataweza kukitunza. Kumuahidi mtoto siri yote halafu wiki ijayo polisi wanafika nyumbani kwao ni kumfundisha yeye na wadogo zake kwamba shule haiaminiki.

Tangu Novemba 2021 pia, Joyce Ndalichako, Waziri wa Elimu wa wakati huo, alipotangaza kuwa wasichana waliojifungua wanaweza kurudi shuleni, darasani kuna wanafunzi ambao ni mama. Kwenye karatasi amerudi. Ila nyumbani mtoto anabaki na bibi, baba yake hamsemeshi, mahari iliyokuwa inajadiliwa imevunjika na ukoo una hasira, na kanisani au msikitini mama yake anaangaliwa vibaya. Mnasihi asiyejua kuusoma ukoo ataongea naye kuhusu kujiamini na kutimiza ndoto, maneno mazuri tu, binti atasikiliza halafu mwezi wa tatu tangu arudi haonekani.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa nini kibadilike naanzia vyuoni, kabla ya kufika kwenye semina. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaandaa walimu, Chuo Kikuu cha St. John's wanaandaa, Chuo cha Ualimu Mpwapwa na Bustani kule Kondoa wanaandaa, wote wamezungukwa na jamii hizi hizi. Mwanafunzi wa ualimu anayeenda mazoezini angepewa kazi ya unasihi inayosimamiwa, akae na mtoto mmoja, aandike alichosikia, halafu mkufunzi amuulize: hapa ulijuaje kuwa anaficha? Swali hilo moja likiulizwa mara nyingi linajenga mnasihi kuliko slaidi mia. Wazee wa eneo, wakunga, mama wapishi, wachungaji na masheikh wakaribishwe kwenye mafunzo wakiwa walimu wa walimu, walipwe kama wawezeshaji wengine. Bibi na shangazi watambuliwe kwenye faili la mtoto, iwepo sehemu ya kuandika mtu anayemwamini nyumbani ni nani. Kutafsiriana na wanafunzi wenzao kukome, shule itafute mtu mzima mmoja anayeijua lugha na aape kutunza siri. Na mazungumzo yafanyike kwa lugha ambayo mtoto anaitumia akilia, hata kama getini kuna kibao.

Fimbo nayo itenganishwe na unasihi. Kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, na mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Shule nyingi mwalimu wa malezi ndiye huyohuyo wa nidhamu, asubuhi anachapa waliochelewa, saa sita anasema karibuni ofisini mniambie shida zenu. Kwa mtoto aliyezoeshwa kuwa mkubwa akikuita umekosa, hilo linatosha kuufunga mlango mwaka mzima. Mkuu wa shule anaweza kulirekebisha kesho bila bajeti, asimteue mnasihi kuchapa, aliandike hilo na alitangaze paredi.

Na lile la muda, ambalo nimekiri kuwa sina jibu lake lote, lina mahali pa kuanzia. Mwalimu wa fizikia ana vipindi vyake kwenye ratiba ya ukutani na hakuna anayemwambia avifanye akipata nafasi. Mnasihi naye apangiwe vyake, hata viwili kwa wiki kwa kuanzia, apunguziwe vya somo kwa idadi hiyohiyo, na wathibiti ubora wakija shuleni waviulizie kama wanavyoulizia fizikia, pamoja na kuuliza ni watoto wa upande gani wa kata ambao hawajawahi kuja.